Tulivyonunua Mfumo wa Rekodi za Wagonjwa kwa Ambulensi ya Boti Lamu

Ukitaka kununua mfumo wa kielektroniki wa rekodi za wagonjwa kwa ajili ya ambulensi, usianze na muuzaji. Anza na muuguzi anayempokea mgonjwa mlangoni. Muulize anataka kuambiwa nini katika dakika ya kwanza, kabla hajamgusa mgonjwa. Majibu yake yaandike, yabandike ukutani, na kila muuzaji atakayekuja mpime kwa hayo. Nalisema hili mapema kwa sababu shughuli yenyewe ni ndefu na inachosha, na katikati yake watu husahau walikuwa wanatafuta nini.

Mimi ni tabibu, nafanya kazi na huduma ya dharura ya jamii hapa Lamu. Tuna gari Mokowe, upande wa bara, na boti inayohudumia visiwa. Asiyezijua njia zetu huenda akadhani dharura ni king'ora na barabara. Kwetu mgonjwa wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, hutolewa nyumbani kwa bodaboda au machela hadi gati la Mtangawanda, akapakiwa botini, akavuka hadi Amu, yaani mji wa Lamu, akashushwa gatini na kubebwa hospitali. Ikibidi apelekwe mbele zaidi, huvushwa tena hadi Mokowe, akaingizwa garini na kuanza safari ya Witu, Garsen, Malindi, pengine hadi Mombasa. Kila anapobadilisha chombo hubadilisha na mikono, na kila mikono mipya huanza kuuliza upya.

Kwa miaka mingi tulitegemea fomu ya karatasi yenye kaboni. Kilichotusukuma kuiacha ni safari moja ya usiku, tulipomleta mama aliyevuja damu baada ya kujifungua. Zahanati ilikuwa imeshamdunga oksitosini, dawa ya kuzuia damu kuvuja, na kumwekea dripu, na muuguzi wa kule aliandika kila kitu vizuri. Maji yalikuwa yamekupwa, Mkanda, mlango mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara, haupitiki, na nje ya Manda bahari imechafuka, kwa hivyo tulisubiri maji yajae. Tulipofika gatini usiku wa manane fomu ilikuwa imelowa, wino umesambaa, saa hazisomeki. Muuguzi wa mapokezi akamgeukia shangazi wa mgonjwa: "Mama, sindano alidungwa saa ngapi?" Shangazi akajibu, "Saa mbili." Karani akaandika 02:00. Shangazi alimaanisha saa mbili za usiku, yaani 20:00. Ni muuguzi mwenyewe aliyeshtuka, akahesabu upya, akarekebisha. Mama alipona. Lakini nilisimama pale nikitetemeka, kwa sababu dawa inayofuata hupangwa kwa saa ya dawa iliyotangulia, na sisi tulikuwa tumemletea mgonjwa bila saa.

Mfadhili alipokubali kutoa fedha, tuliunda kamati ndogo: muuguzi wa mapokezi, karani wa rekodi, mhasibu, nahodha wa boti na mimi. Kulikuwa na waliouliza nahodha anajua nini kuhusu kompyuta. Nawashauri wote wenye huduma ya majini wamweke nahodha ndani ya kamati tangu siku ya kwanza. Yeye ndiye anayejua chombo kinavyotikisika, wapi simu hushika mtandao na wapi hukata, na mikono ya mhudumu inakuwa na kazi gani nyingine wakati wimbi linapopiga.

Orodha ya muuguzi wetu ilikuwa fupi. Mgonjwa ni nani, hata kama ni kwa kukisia. Amepatwa na nini na tangu lini. Hali yake ilikuwaje alipochukuliwa na ikoje sasa: mapigo, presha, kupumua, oksijeni, sukari, fahamu. Amepewa nini, kiasi gani, saa ngapi. Ana mimba au mzio wa dawa. Atafika lini. Na yote hayo, akasema, yaenee kwenye kioo kimoja, "kwa sababu mimi sina mkono wa kusogeza kurasa."

Kisha wakaja wauzaji. Wengi walikuwa na mifumo ya hospitali iliyopunguzwa kidogo na kubandikwa jina la ambulensi. Mifumo hiyo humtaka mgonjwa aandikishwe, alipie, apangiwe chumba, ndipo atibiwe. Ukiitumia botini utakuwa unajaza fomu huku mgonjwa anazimia. Wengine walileta mifumo ya nje iliyojengwa juu ya NEMSIS, kiwango cha Marekani cha taarifa za huduma za dharura, chenye mamia ya vipengele. Ni kiwango kizuri, na tulikitumia kujikumbusha mambo tuliyoyasahau, lakini mhudumu mmoja na mgonjwa mmoja ndani ya boti hawawezi kujaza hata robo yake. Tuliangalia pia njia ya programu huria. OpenMRS, programu ya rekodi za wagonjwa iliyoanza 2004 na yenye mizizi katika kliniki za Eldoret, haina ada ya leseni. Ila fundi wa kuitengeneza ifae botini, kuitunza na kuamka usiku ikilala, huyo ana mshahara. Sisi hatukuwa na fundi huyo, na tukaiacha kwa huzuni. Mwenye fundi wake asiipite bila kuitazama.

Maonyesho ya wauzaji yalifanyika ukumbini, penye feni, umeme na intaneti ya kasi, na mgonjwa wa mfano alikuwa na jina kamili, kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa. Kila mfumo ulipendeza. Tungekuwa tumeamua siku ile, tungechagua kwa uzuri wa rangi. Nahodha ndiye aliyesema, "Waje chomboni." Tukawaandikia wote waliobaki kwamba majaribio yatafanywa ndani ya boti, mchana na usiku, kutoka gati la Amu hadi Mtangawanda na kurudi, mtandao ukiwa umezimwa makusudi. Mmoja alijitoa palepale kwa maelezo ya heshima. Nilikasirika wakati ule kwa sababu mfumo wake ndio nilioupenda. Sasa namshukuru.

Majaribio yale ndiyo yaliyotufundisha zaidi ya kikao chochote, na nataka niyaeleze kwa kina.

La kwanza lilikuwa maji. Kioo cha tableti kinachoguswa kwa kidole hakitofautishi vizuri kidole na tone la maji ya chumvi. Tulipotoka kwenye kivuli cha Manda na rasharasha zikaanza, fomu ikawa inajifungua na kujifunga yenyewe, vitufe vinabonyezwa na matone. Mhudumu alifuta kioo kwa shati, chumvi ikabaki kama ukungu, na glovu zikawa hazisikiki kabisa. Programu iliyoshinda jaribio hili ilikuwa na vitufe vikubwa, ilifunga kioo kwa bonyezo moja la kitufe cha pembeni, na kila kilichoandikwa kilihifadhiwa papo hapo bila kungoja mtu abonyeze "hifadhi". Vifuko visivyopitisha maji na kalamu za kioo tulivinunua baadaye. Bei yake ni ndogo, na bila hivyo programu yote haifai kitu.

La pili lilikuwa mwanga. Usiku, mhudumu alipowasha tableti, nahodha alipiga kelele, "Zima hiyo!" Sikuelewa. Kumbe kupita Mkanda gizani kunataka macho yaliyozoea giza. Nahodha anasoma rangi ya maji na vivuli vya mikoko pande zote mbili, na kioo cheupe mbele yake humpofusha kwa dakika kadhaa. Tangu hapo sharti la kioo cheusi chenye maandishi hafifu likaingia kwenye orodha ya mambo ya lazima. Hakuna muuzaji hata mmoja aliyekuwa amelifikiria, na sikuwalaumu, kwa kuwa hata sisi tuliokulia hapa hatukulifikiria mpaka tulipokuwa gizani.

La tatu, kitambulisho. Mfumo mmoja ulikataa kabisa kufungua rekodi bila nambari ya kitambulisho. Mgonjwa wa dharura hana kitambulisho mkononi. Mtoto hana. Mzee wa Kiunga aliyeanguka mnazini amekiacha nyumbani. Na majina peke yake hayatoshi, maana hapa jina la mtu, la baba na la babu huweza kurudiwa na watu kadhaa wa mtaa mmoja. Hakikisheni mfumo unakubali "hajulikani", unakubali umri wa kukisia, na baadaye unaruhusu rekodi mbili za mtu mmoja kuunganishwa bila kupoteza kitu. Sehemu ya anwani nayo ilidai nambari ya nyumba na jina la barabara. Amu tunasema Langoni, Mkomani, Wiyoni, halafu tunataja msikiti au mwenye nyumba. Dai nafasi ya kuandika anwani kwa maneno ya kawaida.

La nne, mtandao. Tulichukua tableti mbili, tukafungua mgonjwa yuleyule wa mfano kwenye zote, moja ikiwa kana kwamba iko zahanati na nyingine botini, zote bila mtandao. Kila moja ikaandikwa presha tofauti kwa saa tofauti. Tulipokaribia Amu na mtandao ukashika, mfumo mmoja ulibakisha ya mwisho na kuifuta ya kwanza kimyakimya. Muuzaji aliita jambo hilo kawaida. Kwa mgonjwa anayevuja damu, presha ya kwanza na ya pili zikiwekwa pamoja ndiyo habari yenyewe. Mfumo tuliouchagua ulizibakisha zote, kila moja na saa yake na jina la aliyeandika. Jaribio hili halihitaji utaalamu wowote, na ukilifanya mapema litakuondolea wauzaji wengi.

Muda ulikuwa na yake. Mifumo ya ambulensi hurekodi saa za kawaida: simu kupokewa, kuondoka, kufika kwa mgonjwa, kuondoka naye, kufika hospitali, kukabidhi. Sisi tuliomba ziongezwe kufika gatini, boti kung'oa, na kusubiri maji. Saa zote zitoke kwenye tableti yenyewe kwa bonyezo, zisiandikwe kwa mkono, ili ile saa mbili ya shangazi isijirudie. Pale ambapo lazima mtu aulizwe, fomu yetu sasa inaonyesha "asubuhi, mchana, jioni, usiku" kwanza, kisha saa kama tunavyoitaja, na programu inageuza yenyewe. Sehemu ya ramani tuliikataa tusiilipie, kwa kuwa ilijua barabara tu na ilitupa muda wa kufika Pate kana kwamba kuna daraja.

Jaribu pia kuudanganya mfumo. Alama za fahamu za Glasgow huanzia 3 hadi 15. Weka 2 uone utakuonya au utanyamaza. Weka presha ya chini iliyo kubwa kuliko ya juu. Weka saa ya kukabidhi iliyotangulia saa ya kuondoka. Mhudumu aliyechoka atayaandika haya siku moja, na mfumo ndio wa kumshtua.

Kuhusu fedha nitasema wazi, kwa sababu ndipo watu wengi huumia. Bei iliyo kwenye karatasi ya kwanza si bei. Ongeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Ongeza tableti, vifuko, chaja za boti, laini za data za kila mwezi, mafunzo, posho za mafunzo, na petroli ya boti ya kuwapeleka wakufunzi Faza na Kizingitini. Kisha soma maandishi madogo: muuzaji mmoja alitaka malipo ya ziada kwa kila mtumiaji mpya, mwingine kwa kuunganisha na mfumo wa hospitali, na mwingine alikuwa ameweka ada ya kurudishiwa data zetu wenyewe siku tutakayomwacha. Hiyo ya mwisho ikataeni bila majadiliano. Na sarafu je? Ada ya leseni ilikuwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2024 dola ilivuka shilingi 160, na katikati ya mwaka huohuo ikashuka hadi karibu 130. Bajeti ya kikundi kidogo haiwezi kuyumba hivyo. Tulisisitiza mkataba uwe wa shilingi, na muuzaji akakubali baada ya mabishano marefu.

Sisi fedha zetu zilikuwa za mfadhili na kanuni zake. Kama zenu ni za umma, njia ni Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015. Tathmini ya zabuni haipaswi kupita siku 30, na mkataba hausainiwi kabla ya siku 14 kupita tangu washiriki waarifiwe matokeo, ili mwenye lalamiko apate nafasi ya kulipeleka kwenye bodi ya mapitio. Msiahidi watu tarehe ya kuanza kabla ya kuzihesabu siku hizo. Na kwa njia yoyote ile, masharti ya lazima yaandikwe kabla ya zabuni kufunguliwa. Majaribio ya botini yakitajwa baadaye, anayeshindwa atasema mmeyabuni ili kumtoa.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 isomeni kabla ya kusaini. Taarifa za afya ni data nyeti. Anayezihifadhi kwa niaba yenu lazima muwe na mkataba wa maandishi naye, na data zikivuja Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72. Muulize muuzaji seva ziko nchi gani na nani ana ufunguo. Tableti ikianguka baharini hakuna shida kubwa; ikisahaulika kwenye baraza ya mtu, hilo ni jambo jingine. Data zilizomo ziwe zimefungwa kwa siri, na muweze kuzifuta mkiwa mbali. Kila mtu awe na nywila yake. Tulikuta wahudumu wakitumia nywila moja ili kuokoa muda, tukalitatua kwa kumwomba muuzaji aweke njia ya kuingia kwa tarakimu chache za kila mtu. Katika mji mdogo kama wetu, ambapo kila mtu ni jamaa ya mtu, siri ya mama aliyebebwa usiku ina uzito kuliko faini yoyote.

Kipengele cha mkataba ninachokifurahia zaidi ni cha malipo. Hatukulipa kwa mkupuo. Sehemu ilitolewa baada ya kufunga mfumo, sehemu baada ya mafunzo, sehemu baada ya muuzaji kututolea data zetu zote katika FHIR, muundo wa kimataifa wa kubadilishana taarifa za afya, na karani wetu kuthibitisha kuwa zinafunguka na zimekamilika. Sehemu ya mwisho, na haikuwa ndogo, tuliizuia mpaka msimu mzima wa Kusi, upepo mkali wa kusini, upite. Mfumo uliofungwa wakati wa bahari tulivu haujajaribiwa. Na kweli, Kusi ilipoanza kuvuma, matundu ya chaja yakaota kutu, tableti zikazima katikati ya safari, na kwa kuwa fedha zilikuwa bado kwetu, fundi alikuja haraka na chaja za sumaku.

Jambo ambalo hakuna muuzaji aliyeweza kutusaidia ni hofu ya wenzetu. Muuguzi mmoja wa siku nyingi, mwanamke ninayemheshimu sana, alinivuta pembeni akasema, "Mwanangu, hiki mmeleta cha kutuandikia makosa." Alikuwa anazungumza kwa niaba ya wengi. Waliogopa kwamba kila dakika ya kuchelewa ingeonekana Amu, na kwamba aliyechelewa angeitwa kujieleza. Hatukumjibu kwa maneno. Tulikaa naye tukamwonyesha safari ya mgonjwa mmoja, sehemu ya kusubiri maji ikiwa imejazwa, na akaona kwamba muda uliokuwa ukihesabiwa kuwa uzembe wa zahanati ulikuwa ni muda wa bahari. Baada ya hapo ndiye aliyewafundisha wengine. Tuliandika pia, kwa saini ya mkurugenzi, kwamba saa za rekodi hazitatumika kumwadhibu mtu bila kusikilizwa. Karatasi hiyo andikeni kabla ya mafunzo.

Fomu za kaboni bado zimo botini, ndani ya mfuko mkavu. Betri huisha, programu hukwama, na mgonjwa hangoji. Karani huziingiza asubuhi yake.

Kilichobaki kinanikera. Hospitali inayotupokea ina mfumo wake, na kuunganisha hiyo miwili kumekwama kwenye barua. Kwa sasa muhtasari unatua kwenye tableti ya mapokezi, muuguzi anausoma, halafu anaandika tena kwenye mfumo wake kwa mkono. Laiti tungewaita watu wao wa kompyuta kwenye kamati tangu mwanzo. Mkataba wetu unakaribia kuisha, na masharti ya kuuongeza tumeshayaandika: muunganisho huo ufanye kazi kabla ya malipo ya kwanza, na jedwali la maji kujaa na kupwa liingie ndani ya programu, ili anayepokea simu Amu amwambie mkunga wa Siyu saa ile ile kama boti itapita Mkanda sasa au itangoja.